Picha ya Sinema Inapotikisika

Katika miaka ya 1940 na 1950 magari ya sinema ya Serikali yalizunguka vijijini katika Kenya. Mashine ndogo za nyumbani, za filamu ya milimita 8, zilianza kuuzwa mwaka 1932. Mtu wa Machakos aliyerithi mashine ya namna hiyo, akiona picha inarukaruka, asiilaumu upesi.

Kwanza na atazame ukingo wa picha juu ya kitambaa. Ikiwa ukingo nao unatikisika, kosa ni la meza. Ikiwa ukingo umetulia na picha peke yake inaruka, kosa limo katika njia ya filamu.

Hapo azime taa, angoje ipoe, kisha afungue kidirisha ambamo filamu hupita. Vumbi na uchafu hugandamana hapo. Aupanguse kwa brashi laini au kijiti cha mti, wala asitumie kisu, kwani palipokwaruzwa pataharibu kila filamu ipitayo.

Kisha atazame vitanzi vya filamu, juu na chini ya kidirisha. Ukucha mdogo huivuta filamu kwa matundu yake, picha moja moja, kama mara 16 kwa sekunde. Pasipo ulegevu huo picha huruka na matundu huchanika.

Mwisho ajaribu kwa filamu isiyo na thamani. Ikitulia, huenda matundu ya ile ya kwanza yamechanika, au imenywea kwa uzee. Filamu ya harusi ya wazazi haina nakala, asiilazimishe.