"Stagger", Kupepesuka na Madai ya Uhaba wa Msamiati

Imekuwa ada katika madarasa ya tafsiri kusikia lalamiko kwamba Kiswahili ni maskini wa vitenzi vya mwendo. Ushahidi unaotolewa aghalabu ni orodha ya Kiingereza: stagger, totter, teeter, wobble. Mlalamishi huuliza vipi maneno hayo yatatenganishwa ilhali Kiswahili kina "kuyumba" tu. Madai haya hayana mashiko, na anayeyatoa hajaichunguza lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Hebu litazamwe hilo neno la kwanza. Stagger si neno la Waingereza kindakindaki. Asili yake ni stakra, kitenzi cha Kinorse cha Kale, lugha ya watu wa Skandinavia walioivamia Uingereza na kulowea humo kuanzia karne ya 9. Stakra nayo imetokana na staka, yaani kusukuma. Kinachostahili kuzingatiwa ni ile r iliyopachikwa, kwani ni alama ya tendo linalorudiwarudiwa. Kwa fikra za wazungumzaji wale, anayepepesuka ni mtu aliyesukumwa, kisha akasukumwa tena. Alama ya namna hiyo inaonekana pia mwishoni mwa totter na teeter, na ndugu yake, -le, imo katika wobble. Kiingereza cha leo hakiitumii tena kwa uhuru kuunda vitenzi vipya. Imebaki kama kisukuku ndani ya maneno ya zamani.

Kiswahili hutekeleza kazi iyo hiyo kwa uradidi, nao uradidi ungali hai. Yumba huzaa yumbayumba, lewa huzaa lewalewa, suka huzaa sukasuka, na hakuna anayehitaji kamusi ili kuzielewa. Chombo kinachosifiwa katika lugha ya kigeni kimo nyumbani, tena hakijapata kutu.

Ama kupepesuka kwenyewe, shina lake ni pepa, lenye ukoo mmoja na upepo na pepea. Kiambishi -uk- ni kile kilichomo katika anguka na teguka: jambo humfika mtu pasi na hiari yake. Mnorse alimwona mlevi kama mtu anayesukumwa. Mswahili alimwona kama kitu kinachochezewa na upepo. Lugha mbili zisizo na udugu zimetafuta nguvu ya nje ya kulaumiwa, na huenda walevi wa pande zote mbili wakashukuru.

Kuhusu utajiri, mizani haielemei upande mmoja. Jahazi huyumba, mwenye njaa au kileo hupepesuka au husepetuka, aliyekosa imara hutetereka, mwenye jeraha mguuni huchechemea au huguchia. Mtoto anayejaribu miguu yake husimama dede, kisha akaenda tete. Kumwambia mama wa Lamu kuwa mwanawe "anapepesuka" ni kumtia hofu ya ugonjwa. Mfasiri aliyezoea kuyumba pekee hana budi kujilaumu mwenyewe.

Athari za uzembe huu huonekana zaidi pale stagger inapoacha maana yake ya miguu. Katikati ya karne ya 19 Kiingereza kilianza kuitumia kwa vitu vilivyopangwa kwa kupishana, kama mataruma ya gurudumu, na kufikia mwisho wa Vita Vikuu vya Kwanza ikatumika kwa saa za kazi zisizoanza kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayetafsiri tangazo la namna hiyo akaandika "saa za kazi zinazoyumba" amewatangazia wafanyakazi vurugu. Kitenzi kinachofaa ni kupishanisha, na malipo ya aina hiyo ni malipo kwa awamu. Vivyo hivyo, kiasi cha fedha kinachoitwa staggering hakimyumbishi mtu. Kinamshangaza au kumtisha.

Kamusi nyingi ndogo za lugha mbili huweka kando ya stagger neno moja au mawili, basi. Ufinyu huo ni wa kurasa za kamusi, wala si wa lugha. Mhadhiri anayesahihisha tafsiri angefanya vyema kuuliza kwanza ni nani anayepepesuka, yu wapi, na amepatwa na nini, kabla ya kuipa alama "yumba" iliyonakiliwa.