Tusidharau Vitufe
Wahenga walinena, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka jana dada yangu alifanya mahojiano ya kazi kwa Zoom katika saiba moja hapa Molo. Sauti yake ilikuwa imezimwa, na kipanya nacho kikagoma! Alihangaika wee, hadi wahojaji wakachoka wakaondoka. Kazi ikampita hivyo. Kumbe angebonyeza Alt na A tu, wangemsikia! Alt na V huwasha kamera. Kwa Google Meet, sauti ni Ctrl na D.

Walimu wetu, tafadhali, katika somo la kompyuta mtufunze vitufe hivi kwa vitendo, si kuvinakili daftarini tu. Nasi wanafunzi tusivicheke. Kidole kimoja chaweza kukupa kazi ama kukunyima.