Pilingi ikichoma si ati inafanya kazi

Wasee, acha nianze na shavu langu la kushoto. Ukiniona kwa video utadhani niko sawa, juu nishajua kucheza na taa. Lakini hapa karibu na sikio kuna doa la ukubwa wa shilingi kumi, jeusi kuliko uso wangu wote. Lina miezi saba sasa. Hilo doa nililinunua mwenyewe, soo sita, kwa kiduka kimoja tao, ndani ya yale majengo yenye viduka kama mia.

Kilichonipeleka huko ni chunusi. Zilikuwa zimeisha lakini zikaniachia madoa madogo madogo, na nilikuwa nimechoka kuyafunika kila asubuhi. Dada wa duka akaniangalia kidogo tu akasema, "Hii inataka pilingi. Siku tano unabambuka, unatoka mpya." Akatoa kachupa ka plastiki kenye maji ya manjano. Hakuna lebo, bei tu imeandikwa na kalamu ya maka. Nikamuuliza ndani kuna nini. "Matunda." Nikaamini. Aki mimi.

Akaniambia pia ikichoma nisiogope, hapo ndipo inafanya kazi. Na manze ilichoma. Nilikaa kwa kitanda nikijipepea na daftari, machozi yakitoka, nikijiambia urembo ni kazi. Siku ya tatu ngozi ikaanza kutoka kama maganda ya viazi vya kuchemsha, nikafurahi hadi nikajirekodi. Mathe aliponiona aliuliza kama nimemwagikiwa na chai. Wiki ya tatu weusi ukaanza kuingia.

Sasa mimi sitawaambia pilingi ni shetani. Nimesoma sana tangu hiyo siku, na nikaenda kwa daktari wa ngozi, na shida yangu si pilingi. Shida ni hiyo sentensi ya "ikichoma inafanya kazi". Kwa ngozi kama yetu, hiyo sentensi ni ya kuharibia mtu sura.

Skia vile inaendaga. Juu ya ngozi kuna seli zilizokufa, zimeshikana kama zimepakwa gundi. Ngozi huzitoa yenyewe na kujifanya upya kwa karibu mwezi mmoja. Asidi inalegeza ile gundi ili zitoke haraka, basi. Na asidi zenyewe si maajabu: ya glikoliki inapatikana kwa miwa, ya laktiki ni ile inayofanya maziwa lala yawe makali. Kwa hivyo yule dada wa "matunda" hakudanganya kabisa. Lakini ndimu pia ni tunda, na hakuna mtu hukamulia jichoni.

Kitu cha maana ni nguvu. Seramu ya glikoliki ya kutumia kejani kwa kawaida huwa asilimia 10 kwenda chini, na ya salisiliki asilimia 2. Kwa kliniki glikoliki inaanza kama 20 hadi 70, na salisiliki 20 hadi 30. Hiyo ya 70 inakaa usoni dakika chache tu, mtu amekusimamia na saa mkononi, halafu anaizima. Mimi nani alikuwa amenisimamia? Na hata asilimia haikuambii kila kitu, juu chupa mbili zenye asilimia sawa zinaweza kutofautiana kwa ukali kulingana na pH. Kachupa kangu hakakuwa na asilimia wala pH. Hadi leo sijui nilijipaka nini.

Halafu kuna zile za kuingia ndani zaidi. Kuna TCA, na kuna fenoli, ambayo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi mgonjwa anafungwa mashine ya kuangalia moyo wakati anapakwa. Kwa mtu mweusi fenoli inaweza kuondoa rangi ya ngozi kabisa, isirudi. Ukisikia mtu anakuuzia "ile kali ya mara moja", kumbuka hapo.

Daktari alinieleza kitu nilifaa kujua nikiwa darasa la nane. Ngozi nyeusi ikiumizwa, hujitetea kwa kumwaga rangi. Ndiyo maana chunusi ndogo inaisha na kuacha doa la miezi. Kwa hivyo ukichoma doa ndio litoke, unaipa ngozi sababu ya kutengeneza lingine, na kubwa kuliko la kwanza. Madaktari hugawanya ngozi kwa aina sita, kulingana na vile inavyochukua jua, kwa kipimo kilichoanzishwa na Thomas Fitzpatrick wa Marekani mwaka wa 1975. Wengi wetu hapa tuko tano na sita, na hapo mtu mwenye akili huanza na nguvu ya chini, anangoja wiki mbili hadi nne, ndio anaongeza. Na inafanya kazi. Mwaka wa 1999 daktari Pearl Grimes wa Los Angeles alichapisha utafiti wa pilingi ya salisiliki kwa watu 25 wenye ngozi nyeusi, na wengi wao walipata nafuu bila madhara makubwa. Lakini ilikuwa kwa mikono ya daktari.

Kingine kinachonikera ni lugha. Kwa Kiswahili tukisema mtu anajichubua tunamaanisha anajifanya mweupe, na tao wamechukua faida ya hapo. Pilingi ya ukweli inasawazisha rangi yako, haikupi nyingine. Lakini ingia hivyo viduka uone: mafuta ya pilingi ya kutoa weusi wa vidole yamepangwa pamoja na krimu za kung'arisha, na picha ukutani ni ya msichana mweupe kuliko ukuta. KEBS ilishapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado ukiulizia unaletewa kutoka chini ya kaunta.

Najua kuna mtu ashaanza kusema, "Kliniki ni pesa, wewe." Ni ukweli. Nilienda kwa kachupa ka soo sita kwa sababu nilikuwa na soo sita. Lakini nimelipa daktari mara mbili, na krimu juu yake, na hiyo hesabu sitaki kuifanya kwa sauti. Kama huna ya kliniki, afadhali seramu yenye lebo kutoka duka la dawa, usiku mmoja au miwili kwa wiki, na sanskrini kila asubuhi. Sanskrini ndiyo watu huruka. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na miale ya jua inaongezeka nguvu kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ngozi ikitoka kubambuliwa iko kama mtoto, hiyo miale inaichapa hata Julai kukiwa na mawingu. Mimi wiki hiyo nilikuwa nangoja matatu stejini saa saba mchana, bila hata kofia.

Sababu ya kuandika haya leo ni kazo wangu. Ako na ruracio wiki tatu zijazo na juzi amenitumia picha ya kachupa. Manjano, bila lebo. "Ni kama ile yako ama hii ni poa?" Nilimpigia simu saa ileile. Tumebishana karibu saa moja, akasema namuonea wivu, akakata, halafu akapiga tena.

Jumamosi tunaenda pamoja kwa kliniki ya ngozi. Tumekubaliana tutauliza ni asidi gani, asilimia ngapi, na kama wiki tatu zinatosha. Akishindwa kujibu, tunatoka na hiyo doo tunakula chips. Kachupa ameshaniletea, niko nako hapa mezani.