HP au Dell? Waulizwe kwanza mafundi wa Makorora

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, swali moja huzunguka nyumba nyingi za Makorora, Tanga: "HP au Dell?" Mama anamuuliza mpwa wake, mpwa anamuuliza rafiki aliyeko Dar es Salaam, rafiki anamuuliza winga wa Kariakoo, na jibu linarudi Tanga likiwa limeshageuka imani. HP ni imara. Dell ina matatizo ya chaja. Lenovo ni ya Kichina. Toshiba ndiyo ilikuwa mashine, lakini siku hizi haionekani. Fedha ya mchezo, ya kiinua mgongo au bumu la kwanza la mwanafunzi inatoka mfukoni kwa kufuata imani hiyo.

Tatizo ni kwamba swali lenyewe halina jibu. HP inauza EliteBook, mashine ya maofisini, na jina hilo hilo la HP limebandikwa kwenye Stream, laptopu ndogo ya bei ya chini iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2014 ikiwa na hifadhi ya GB 32. Windows ikijisasisha mara mbili tatu, Stream imejaa. Hadi mwaka 2025 Dell ilikuwa na Inspiron kwa ajili ya nyumbani na Latitude kwa ajili ya kazi. Lenovo ina IdeaPad na ThinkPad. Kati ya Stream na EliteBook kuna tofauti kubwa kuliko iliyopo kati ya EliteBook na Latitude, ingawa zile mbili za kwanza zina nembo moja na hizi mbili za mwisho zinatoka kwa washindani.

Hata viwanda havifuati ushabiki wa wanunuzi. Quanta na Compal, kampuni za Taiwan, zimekuwa zikiunda laptopu za majina kadhaa yanayoshindana madukani. ThinkPad anayoikwepa mtu kwa kuwa "ni ya Kichina" ilizaliwa IBM, Marekani, mwaka 1992. Lenovo ilikinunua kitengo hicho cha IBM mwaka 2005. Na Toshiba, iliyoanza kuuza laptopu yake ya T1100 mwaka 1985, iliuza asilimia 80.1 ya biashara hiyo kwa Sharp mwaka 2018 na kumalizia iliyobaki mwaka 2020. Jina nalo lilibadilishwa kuwa Dynabook. Anayeisifia Toshiba leo anasifia mashine ambayo haitengenezwi tena kwa jina hilo.

Wakazi wa Tanga, kati ya watu wote, wasingepaswa kubabaishwa na nembo. Huu ni mji wa baiskeli. Anayenunua Phoenix hapa hafanyi hivyo kwa sababu ya herufi zilizoandikwa kwenye fremu. Anajua kwamba cheni, spoku na pedali zake zipo kila kona, na fundi wa chini ya mwembe anaifungua akiwa anazungumza na wateja wengine. Laptopu inastahili kununuliwa kwa hesabu hiyo hiyo. Swali la kwanza ni hili: ikiharibika, spea zake zipo mjini, na nani ameshawahi kuifungua?

Wakiulizwa upande huo, mafundi wengi watataja majina matatu: EliteBook, Latitude na ThinkPad. Sababu yake iko mbali na Tanga. Kampuni, benki na halmashauri za Ulaya na Marekani hununua au kukodi mashine za aina moja kwa mamia, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziondoa zote kwa pamoja. Wafanyabiashara huzichambua, nyingine zikipitia Dubai, na mwisho wake hufika Dar es Salaam, kisha Tanga, zikiitwa "used ya Ulaya" au "used ya Dubai". Kwa kuwa zimekuja nyingi za aina moja, zinazokufa bodi hubaki kuwa ghala la spea kwa wenzake: kibodi, kioo, bawaba, feni. Laptopu mpya ya bei ya chini haina ndugu wengi namna hiyo. Kampuni huibadilisha baada ya muda mfupi, na miaka miwili baadaye bawaba yake ikivunjika, mwenye nayo anaambiwa aagize nje.

Msimamo wa makala haya basi ni huu: kwa mwanafunzi, mwalimu au karani wa Makorora mwenye fedha ya wastani, laptopu ya kikazi iliyotumika ni bora kuliko mpya ya bei ya chini, na nembo mojawapo kati ya hizo tatu inafaa. Ushindani halisi uko ndani ya mashine, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa.

Wanapigwa hasa kwa maneno mawili: "Core i5". Muuzaji anasema, "Mama, hii Core i5 na SSD, chukua tu." Mama akimuuliza, "Kizazi cha ngapi, mwanangu?" mazungumzo hubadilika. Core i5 ya kizazi cha saba, kwa mfano i5-7300U, ina viini viwili. Ya kizazi cha nane, i5-8350U, ina vinne. Stika ya nje ya zote mbili inatangaza i5. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi, na kuanzia cha kumi tarakimu hizo huwa mbili.

Mpaka huo wa saba na nane una uzito mwingine. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka, pamoja na mambo mengine, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel orodha yake rasmi inaanzia, kwa sehemu kubwa sana, kizazi cha nane. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya zamani, na wengi wanafanya hivyo, lakini Microsoft haiahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho. Kwa lugha ya dukani: EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita na G4 ni ya saba, anayetaka utulivu aanzie G5. Kwa Dell, Latitude 7480 iko nyuma ya mpaka na 7490 kwa kawaida imeuvuka. Kwa Lenovo, T470 iko nyuma na T480 kwa kawaida imevuka. Hizo tatu zilizovuka ni za mwaka 2018, na zote RAM yake inaongezwa kwa bisibisi tu. T480 ina ziada moja inayofaa sana mahali ambapo umeme hukatika: betri yake ya nje inachomolewa na kuwekwa nyingine bila kuzima mashine.

Betri ndiyo inayofuata kukaguliwa. Betri ya lithiamu huchakaa kwa umri, kwa kuchajiwa mara nyingi na kwa joto, na joto la Tanga la Januari na Februari halihitaji kuelezwa. Muuzaji atasema "inakaa saa nne". Asibishiwe; aombwe aandike amri ya powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri la Windows. Ripoti inayotoka huonyesha uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani na uwezo uliobaki. Ikiwa umebaki chini ya nusu, bei ya betri mpya itolewe kwenye bei ya laptopu.

Malalamiko kuhusu chaja za Dell yana ukweli wake, ila lawama hupelekwa pasipostahili. Chaja nyingi za Dell zenye mdomo wa duara zina sindano ya katikati inayoitambulisha chaja kwa mashine. Sindano ikikatika, au chaja ikiwa feki, laptopu huwaka lakini betri haiingii chaji, na prosesa hupunguza kasi. Kabla ya bodi kufunguliwa na kuchomwa lehemu bila sababu, ijaribiwe chaja nyingine ya uhakika.

Utawala wa Kijerumani uliondoka Tanga mwaka 1916, lakini kibodi za Kijerumani bado zinaingia. Ukibonyeza Z inatoka Y, na Y inatoa Z. Za Kifaransa zina vurugu zaidi, kwani A imehamia mahali pa Q. Wauzaji wengine hufunika vitufe kwa stika, na stika hizo huanza kubanduka vidole vinapotoa jasho. Kwa mwenye steshenari anayechapa barua za watu kutwa, kasoro hiyo ni hasara. Kwa mwanafunzi anayeandika kwa vidole viwili, inaweza kuwa sababu nzuri ya kupunguziwa bei.

Kufuli za kampuni ni hatari kubwa zaidi. Mashine iliyotoka ofisini inaweza kuja na nywila ya BIOS, au na programu ya ufuatiliaji iliyokaa ndani ya chipu, ambayo haiondoki kwa kupiga Windows upya. Mnunuzi aizime laptopu mbele ya muuzaji, aiwashe, aingie BIOS na kuangalia kama inamfungulia. Kwa MacBook, ahakikishe akaunti ya mmiliki wa kwanza imeondolewa. MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, haina feni kabisa na chaji yake inadumu, lakini RAM na hifadhi vimechomelewa kwenye bodi. Ikifa, kilichobaki cha kuokoa ni kidogo.

Wapo watakaosema mpya ni mpya, na hoja yao ina mashiko. Tecno Megabook au Infinix INBook zinakuja na betri isiyoguswa, ni nyepesi na zina waranti. Lakini RAM ya nyingi kati yake imechomelewa, hivyo iliyonunuliwa na GB 8 itabaki na GB 8. Na waranti ina thamani kulingana na umbali wa anayeitekeleza. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 350.

Chromebook zilizotoka katika shule za Marekani ni suala jingine. Bei yake inavutia, lakini kila moja ina tarehe ya mwisho ya kusasishwa iliyopangwa na Google, na nyingi kati ya za zamani zimeshaipita.

Ushauri huu haumhusu kila mtu. Anayehariri video za harusi anahitaji kadi ya picha ya peke yake na RAM ya GB 16, na EliteBook ya kawaida itamchosha. Mwenye steshenari ambaye mashine yake haitoki mezani angefanya vyema kununua kompyuta ya mezani na UPS. Spea zake ni rahisi, na kuipuliza vumbi ni kazi ya dakika chache. Kupuliza huko si anasa katika mji wa pwani, kwa sababu feni inavuta hewa yenye unyevu na chumvi, na vumbi likishikana na unyevu huo huitafuna bodi polepole.

Lililobaki liko mikononi mwa wenye maduka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, na risiti ya EFD ni wajibu wa muuzaji kuitoa na wa mnunuzi kuidai. Risiti iliyoandikwa "laptop HP" haimlindi yeyote. Iambatane na karatasi yenye jina kamili la mashine, kizazi cha prosesa, kiasi cha RAM, hali ya betri na siku za waranti. Maduka yanayojiamini yatakubali, kwa sababu hayana cha kuficha. Na haja ya karatasi hiyo inazidi kuwa kubwa: muda wa nyongeza wa usalama ambao Microsoft iliwapa watumiaji wa kawaida wa Windows 10 umepangiwa kuishia tarehe 13 Oktoba 2026, na shehena za G3 na T470 hazitatupwa baharini. Zitafutwa vumbi, zitapigwa Windows 11 kwa nguvu, zitashushwa bei kidogo na kupangwa mbele ya duka msimu wa vyuo kufunguliwa.