Picha za Dhihaka za Zama za Victoria: Zikusanywe, Lakini Zisikatwe

Kila mtu na lake alipendalo. Yuko akusanyaye stempu, yuko akusanyaye sarafu za kale, na mwingine hukusanya viberiti vitupu hata mkewe akachoka kuvipangusa vumbi. Katika ukoo huo wa wakusanyaji wamo watu ambao hapa kwetu hawatajwi sana, nao ni wale wanaotafuta picha za dhihaka na vichekesho zilizochapwa Uingereza wakati wa Malkia Victoria, yaani tangu mwaka 1837 hadi 1901. Huzisaka katika maduka ya vitabu vikuukuu, katika minada na katika masanduku ya marehemu. Wakizipata huzitia fremu, wakazitundika ukutani, wakafurahi.

Hatuna ugomvi na furaha yao. Tunalotaka kulisema leo lahusu namna picha hizo zinavyopatikana, kwa maana katika namna hiyo mna uharibifu, na uharibifu wenyewe unatugusa sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani.

Kwanza msomaji ajue ni vitu gani tunavyovizungumzia. Kabla ya Victoria kutawala, picha ya dhihaka ilikuwa karatasi moja moja. Ilichorwa juu ya bamba la shaba, ikachapwa, ikatiwa rangi kwa mkono na kuuzwa dukani. Bingwa wa kazi hiyo, James Gillray, aliishi katika nyumba hiyo hiyo yenye duka la Bibi Hannah Humphrey mjini London, na watu ambao hawakuwa na fedha za kununua walisongamana dirishani wakacheka bure. Hapo hakusazwa mtu. Mwaka 1820 jumba la kifalme lilimlipa kijana George Cruikshank pauni 100 ili aahidi kutomchora Mfalme George wa Nne katika hali ya aibu. Pauni 100 kwa kutochora! Wachoraji wetu wa leo wangeshukuru kupata mteja wa namna hiyo.

Wakati wa Victoria dhihaka ilihama dirishani ikaingia katika majarida. Jarida la Punch lilitoka mara ya kwanza tarehe 17 Julai 1841, likauzwa kwa peni tatu. Miaka miwili baadaye likazaa neno tunalolitumia mpaka leo. Jengo la Bunge la Uingereza lilikuwa limeungua mwaka 1834, na katika kujenga jipya, Serikali ilifanya mashindano ya michoro mikubwa ya kupamba kuta zake. Michoro ya namna hiyo, ya kujaribia kabla ya kazi yenyewe, wachoraji waliiita katuni. Mwaka 1843 ilitandazwa mbele ya umma. John Leech wa Punch naye akatoa katuni yake: maskini wenye matambara, vilema na watoto wenye njaa, wamesimama wakizitazama picha za waheshimiwa zilizomo katika fremu za fahari. Maana yake haikuhitaji mkalimani. Watu wameomba mkate, nanyi mwawapa picha. Tangu siku hiyo katuni ikawa na maana tuijuayo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Kila Jumatano wakuu wa Punch walikula chakula cha jioni pamoja, na hapo mezani wakabishana mpaka wakakata shauri juu ya picha kubwa ya wiki. Sir John Tenniel, aliyejiunga nao mwishoni mwa 1850 na kuchora kwa nusu karne, ilimbidi aifikirie Alhamisi, kisha Ijumaa akae kutwa nzima ameinamia kipande cha mti akichora juu yake kwa penseli. Tenniel huyu alikuwa na jicho moja tu lililoona vizuri, kwani jingine liliharibika ujanani alipokuwa akicheza mchezo wa upanga na baba yake. Baada ya hapo mchoro ulipelekwa kwa Joseph Swain, ambaye mafundi wake waliuchonga usiku na mchana. Mti uliotumika ulikuwa mgumu sana lakini mwembamba, hivyo picha kubwa ilifanywa kwa vipande kadhaa vilivyokazwa pamoja kwa skrubu. Vilifunguliwa, kila fundi akachonga kipande chake, kisha vikaunganishwa tena. Mkusanyaji mwenye macho makali huutafuta ule mstari mweupe, mwembamba kama unywele, unaopita katikati ya picha mahali vipande vilipokutana. Akiuona hufurahi kuliko mchoro wenyewe. Kila wazimu una utamu wake.

Jarida la pili wanalolipenda wakusanyaji ni Vanity Fair, lililoanzishwa na Thomas Gibson Bowles mwaka 1868. Hili lilichapa picha za rangi kwa kutumia mawe, na kila wiki lilimtoa mtu mmoja maarufu, kichwa kikubwa na miguu myembamba, au tumbo limetangulia mbele. Wachoraji wake wakuu walikuwa Carlo Pellegrini, aliyejiita Ape, na Leslie Ward, aliyejiita Spy. Majaji waliochorwa humo leo wametundikwa katika ofisi nyingi za mawakili, na wapanda farasi wamo katika nyumba za wapenda mbio. Henry Morton Stanley yumo, wa mwaka 1872, mara baada ya kurudi kutoka Ujiji alikomkuta Livingstone. Mfalme Cetshwayo wa Wazulu yumo pia, wa mwaka 1882, alipokwenda London kudai arudishiwe ufalme wake.

Sasa tuje kwenye kisu.

Punch lilikusanywa na kutiwa jalada kila nusu mwaka, na familia nyingi za Uingereza ziliyapanga majalada hayo katika rafu kama mapambo. Ndiyo sababu yamesalia kwa wingi, na kwa kuwa ni mengi, jalada zima halina bei kubwa. Lakini ndani ya jalada hilo mna picha kubwa kwa kila wiki, zaidi ya ishirini kwa jumla, bila kuhesabu vichekesho vidogo vidogo. Mfanya biashara hupiga hesabu ile ile ya mwenye bucha, kwamba nyama ya kilo humletea fedha zaidi kuliko ng'ombe mzima. Anachukua wembe, anakata kurasa, anazitia katika kadibodi safi na kuziuza moja moja. Wengine huzitia na rangi, ilhali picha hizo za Punch zilichapwa kwa wino mweusi tu. Mabaki ya jalada, yaani maandishi yote, hutupwa.

Vanity Fair imetendewa vibaya zaidi. Kila picha yake ilitoka pamoja na maandishi mafupi yenye sumu, yaliyotiwa sahihi ya jina la kubuni, Jehu Junior. Picha ilikuwa mzaha wa kwanza, maandishi yalikuwa mzaha wa pili, na mara nyingi wa pili ndio uliouma. Leo wakili anaitazama picha ya jaji ukutani akidhani ni heshima.

Wenye biashara hiyo wana hoja yao. Wanasema majalada mengi yameshaoza migongo, na kwamba ukurasa uliotiwa fremu hutazamwa kila siku wakati jalada likikaa gizani likiliwa na wadudu. Hoja hiyo ina ukweli kwa jalada lililokwisha kufa. Kwa jalada zima ni kisingizio.

Yatuhusu nini sisi? Na tuzitazame picha tatu.

Ya kwanza karibu kila aliyesoma historia shuleni ameiona. Ni ile ya Linley Sambourne ya tarehe 10 Desemba 1892, Cecil Rhodes amesimama juu ya Afrika nzima, mguu mmoja Cairo na mwingine Cape Town, bunduki mgongoni, ameshika waya wa simu aliotaka kuupitisha toka kusini hadi kaskazini. Katika vitabu imekatwa ikabaki peke yake, hata wanafunzi wengi wanaamini kwamba mchoraji alikuwa akimsifu Rhodes, na wengine wengi wanaamini alikuwa akimlaani. Anayetaka kuamua hana budi kuusoma ukurasa, pamoja na mashairi yaliyoandamana na picha hiyo na mambo mengine ambayo Punch lilikuwa likiyacheka wiki hiyo. Picha iliyokatwa haisemi neno.

Ya pili haijulikani sana hapa, nayo ndiyo ingetupasa kuijua zaidi. Ilitoka tarehe 22 Oktoba 1892 na jina lake ni "Tembo Mweupe". Kwa Waingereza tembo mweupe ni mali inayomfilisi mwenyewe. Yasemekana wafalme wa Siam walipomchukia mtu walimpa zawadi ya tembo mweupe, naye asiweze kumkataa wala kumtumikisha, akamlisha mpaka akafilisika. Katika picha hiyo tembo ni Uganda. Anayemuuza ni ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, na anayetakiwa kumnunua ni John Bull, yule bwana mnene ambaye ndiye Uingereza yenyewe. Muuzaji anamwambia kwamba mnyama ni mzuri lakini amemshinda, na kwamba bwana asipomchukua, itabidi amwachilie aende zake.

Wakati huo Kampuni ilikuwa imeishiwa fedha. Januari ya mwaka huo huo kulikuwa na vita Mengo, Kapteni Lugard wa Kampuni akiwasaidia Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki, na Kabaka Mwanga akalikimbia jumba lake. Hayo yote hayamo pichani. Mwanga hayumo, Waganda hawamo. Wamo wazungu wawili na mnyama, na mnyama haulizwi.

Ya tatu ni ya tarehe 21 Aprili 1894. John Bull afungua mlango wake akuta mtoto mweusi ameachwa kizingitini, na mtoto huyo ni Uganda. Bwana ananung'unika kwamba huyu naye ni mwingine, lakini afanyeje, itabidi amwingize ndani. Miezi miwili baadaye Uganda ilitangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na mwaka 1895 ikafuata nchi yetu hii. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa ili kumfikia tembo yule yule. Basi msomaji aone jinsi mzaha ulivyofanya kazi. Katika muda wa miezi kumi na minane, nchi yenye mfalme, mabaraza na majeshi iligeuzwa kuwa mnyama wa kuuzwa, kisha ikawa mtoto wa kuokotwa, na aliyeichukua akaonekana kuwa msamaria aliyelazimishwa. Hotuba za bungeni zinasomwa na wachache. Picha hii ilionwa na kila aliyekaa kungoja zamu yake kwa kinyozi.

Kuna watakaosema kwamba picha hizo ni matusi, na mahali pake ni motoni. Twaelewa uchungu huo, na hata wenzetu wa Ireland wanao, kwa kuwa Tenniel aliwachora kama manyani na mazimwi, hasa katika picha yake ya mwaka 1882 baada ya mauaji ya Phoenix Park mjini Dublin. Lakini tukizichoma tutakuwa tumewafanyia hisani waliozichora. Jarida lililoanza mwaka 1843 kwa kuwatetea wenye njaa dhidi ya wakuu, baada ya miaka hamsini lilikuwa linakula meza moja na wakuu hao na kuwacheka wasio na mlango wa kujibia. Ushahidi wa safari hiyo uko katika majalada yenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, na hauonekani katika karatasi moja iliyotiwa fremu.

Kwa hiyo rai yetu kwa maktaba zetu, vyuo vikuu na watu binafsi wenye uwezo ni kwamba wanunue majalada mazima ya miaka ile, hasa tangu 1888 hadi 1901. Picha za kompyuta zipo na zinasaidia, ila mwanafunzi aliyeshika karatasi yenyewe aliyoishika mtu wa London mwaka 1892 hujifunza jambo ambalo kioo hakimfundishi.

Anayenunua awe macho. Chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vidoadoa vilivyopangwa safu safu, hiyo ni nakala ya mashine za baadaye. Picha halisi ya Punch ya miaka ya Tenniel ina mistari, nene na nyembamba, iliyochongwa. Karatasi za miaka ya mwanzo zilitengenezwa kwa matambara na hudumu. Za mwishoni mwa karne zina maunga ya miti, hugeuka njano na kuvunjika kama papari. Usizigandishe kwa gundi wala kwa selotepu, na usizianike ukutani penye jua. Kwa watu wa pwani adui mkubwa ni unyevu, ambao huleta koga na madoa ya rangi ya kutu, kwa hiyo rafu isigusane na ukuta na kabati lifunguliwe mara kwa mara lipate hewa.

Na wakati tukiyatafuta ya Waingereza, tusiyasahau yetu. Jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lilikoma mwaka 1979, na aliye na matoleo yake yote leo ana hazina. Juha Kalulu wa E. G. Gitau naye aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miaka mingi. Magazeti hayo yakipatikana katika sanduku la mzee yeyote, tafadhali yasipelekwe buchani kufungia nyama.