Mwandishi Akialikwa Chuoni, Apewe Muda na Wasomaji

Mwaka 1998, miaka minne baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waandishi wapatao kumi kutoka nchi mbalimbali za Afrika walifika Rwanda. Hawakuja kuhutubia asubuhi na kuwahi ndege jioni. Walialikwa na Fest'Africa, tamasha la fasihi lililokuwa na makao yake Lille, Ufaransa, chini ya Nocky Djedanoum wa Chad. Walikaa takriban miezi miwili, wakazuru maeneo ya kumbukumbu ya mauaji hayo, Nyamata na Murambi, na kuwasikiliza manusura, kisha wakaenda kuandika. Mwaka 2000 wakarejea na vitabu vyao, wakavisoma na kuvijadili papo hapo Rwanda, mbele ya Wanyarwanda wenyewe.

Matunda yake yanafahamika. Boubacar Boris Diop wa Senegali alitoa riwaya ya Murambi, Véronique Tadjo wa Côte d'Ivoire akatoa L'Ombre d'Imana, na Tierno Monénembo wa Guinea akatoa L'Aîné des orphelins. Kenya iliwakilishwa na Meja Mwangi. Naye Koulsy Lamko wa Chad hakuondoka upesi: alibaki kwenye Chuo Kikuu cha Taifa mjini Butare, ambao leo unaitwa Huye, akaanzisha kituo cha sanaa ambamo wanafunzi walijifunza tamthilia kwa kuicheza.

Rwanda nayo ilimbadilisha mgeni. Diop, aliyekuwa ameandika riwaya zake zote kwa Kifaransa, alitoa Doomi Golo mwaka 2003 kwa Kiwolof, lugha ya mama yake, na ameeleza kuwa aliyoyaona Rwanda yalichangia uamuzi huo.

Mwaliko wa mwandishi unapaswa kuwa hivyo. Lakini katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki mambo huenda vingine. Ukumbi hupambwa, wakubwa hutambulishwa mmoja mmoja hadi nusu saa inakwisha, mwandishi husoma kurasa tatu, maswali mawili yanaulizwa, kisha picha ya pamoja. Wengi waliomo ukumbini hawajakifungua kitabu kinachozungumziwa. Wanapiga makofi kwa adabu tu, na mwandishi anaondoka bila kujua kama kuna aliyemsoma.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Nakala kumi za kitabu ziwekwe maktaba mwezi mmoja kabla, mhadhiri akifundishe darasani, na mgeni apewe wiki nzima badala ya saa mbili. Asubuhi akae na wanafunzi wanaoandika, apitie miswada yao. Jioni asome hadharani. Kigali ina mahali pa kufanyia hivyo hata nje ya chuo, kwa kuwa Maktaba ya Umma ya Kacyiru ilifunguliwa mwaka 2012 na haimbagui asiye mwanafunzi. Na si lazima mgeni atoke Paris au London. Basi linalotoka Kampala usiku hufika Kigali asubuhi.

Lipo pia suala la lugha, nalo ndilo zito zaidi. Vitabu vya mwaka 2000 vilitoka karibu vyote kwa Kifaransa, ilhali tangu 2008 Rwanda imefanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Mwanafunzi wa leo anaweza kukaa umbali mfupi kutoka Gisozi, penye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari jijini Kigali, asiweze kukisoma kitabu kilichoandikwa juu ya watu wake. Tafsiri zinasaidia: riwaya ya Petit Pays ya Gaël Faye, iliyopata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa mwaka 2016, inasomeka kwa Kinyarwanda kwa jina la Gahugu Gato.

Na Kiswahili je? Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Mitaa ya Nyamirambo na Biryogo jijini Kigali haikuisubiri sheria hiyo, maana Kiswahili kinazungumzwa huko tangu enzi za ukoloni. Na vitabu vya kuwasomea vipo: mwaka 2022 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilichapisha Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Hadithi yake inatendeka katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia, na Rwanda wakati huo ilikuwa ndani ya koloni hilohilo. Kitabu kama hicho kikisomwa kwa sauti Kigali, msikilizaji wa Biryogo atajikuta nyumbani.

Ukanda huu umewahi kukosea katika jambo hili. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana katika chuo cha Makerere, Uganda, lakini mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza peke yao. Shaaban Robert, aliyeandika kwa Kiswahili, hakuwa na nafasi pale, na mwezi huohuo akafariki dunia. Kosa hilo halina sababu ya kurudiwa katika nchi ambayo sheria yake yenyewe inakitambua Kiswahili.

Chuo Kikuu cha Rwanda kianze muhula ujao na mwandishi mmoja wa Kiswahili, kwa wiki moja, na kitabu chake kiwe kimeshasomwa darasani. Milango iachwe wazi kwa wakazi wa jiji. Nao wasomaji wa Nyamirambo waende, wakae viti vya mbele, wamuulize mwandishi maswali kwa Kiswahili chao.