Bunduki ya Rangi Inapovuja Hewa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ikiwa bunduki yako ya kupulizia rangi inatoa hewa mdomoni hata kabla hujavuta kifyatulio, usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi kasoro huwa kwenye vali ndogo ya hewa iliyo nyuma ya kifyatulio. Chembe ya rangi kavu ikikwama hapo, au springi ikilegea, vali haifungi sawasawa. Kompresa nayo hunguruma bila kupumzika, na bili ya stima ni yako.

Kwanza tafuta panapovuja. Paka maungio yote maji ya sabuni. Penye mapovu ndipo penye kasoro. Kama ni kwenye kiungo cha mpira wa hewa, zungushia meno yake utepe mweupe wa mafundi wa mabomba, kisha ukaze.

Kama ni vali, zima kompresa, chomoa mpira, kisha vuta kifyatulio hewa iliyobaki itoke. Ndipo ufungue. Safisha kwa thina na brashi laini, ukaushe, utie mafuta kidogo. Nati inayoshika kijiti cha vali usiikaze kupita kiasi, kwani kijiti kikibanwa hakirudi mahali pake. Springi au vali iliyochakaa, badilisha.

Usitumbukize bunduki nzima katika thina. Mipira ya ndani itaharibika. Nanyi vijana, kamwe msizibe mdomo wake kwa kidole. Hewa ya kompresa yaweza kupenya ngozini, na kidole hakiuzwi dukani.